Mwalimu Kandambili na Kiti cha Bibi

Mwalimu akija kwenu mchana wa jua kali, akavua kandambili mlangoni, akakaa, akaomba maji, akanywa, halafu asiseme neno hata moja kuhusu shule, wewe utafanyaje? Mimi nilitoka nje nikajifanya natengeneza baiskeli ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Huyo ndiye Mwalimu Kandambili. Jina wamempa wanafunzi na yeye analijua. Viatu vyake vya ngozi huwa amevibeba kwenye mfuko wa plastiki, miguuni ana kandambili za bluu zilizolika upande mmoja. Asubuhi, kabla hajaingia getini, anakaa kwenye jiwe la pale nje, anapangusa vumbi kwa kitambaa, anavaa viatu, kandambili zinaingia mfukoni. Jioni anakaa kwenye jiwe lilelile na kufanya kinyume. Viatu ni vya shule, anasema, kandambili ni za watu.

Zamani alikuwa anafundisha darasa la kwanza. Alifundisha mpaka sauti ikamwisha, ikabaki ya kukwaruza kama mlango uliokosa mafuta, na watoto wa nyuma wakawa hawamsikii. Mwalimu mkuu akamtoa darasani, akampa kazi inayoitwa malezi, na stoo ya zamani ya chaki ndiyo ikawa ofisi. Watoto wakasema amefukuzwa kazi ila hajaambiwa. Hana mtoto. Anaishi na kaka yake, dereva mstaafu anayebishana na redio kutwa nzima. Mwenyewe anasema labda ndiyo maana anapenda kwenda kwenye nyumba za watu.

Kazi yenyewe ndiyo iliyonivuruga kichwa. Mtoto akikosekana shuleni, yeye anamfuata nyumbani. Wala hamfuati kumkamata. Anakwenda kukaa. Sasa mimi niliacha sekondari nikiwa kidato cha pili, na katika miaka yangu yote ya shule mwalimu akikanyaga kwenu ujue una kesi, na kesi hiyo utaimaliza kwa baba na kwa mama kwa zamu. Mwalimu wa kuja kunywa maji na kuondoka sikuwahi kumwona.

Aliyekosekana ni mdogo wangu. Yuko darasa la mwisho la msingi, na mwalimu wake wa darasa alishamwambia kwamba akiendelea kukosa hivyo, jina lake halitapelekwa kwenye mtihani. Hakuwa mtoro. Alikuwa anabaki nyumbani na bibi.

Bibi ni mama yake mama. Akili imeanza kumtoroka. Asubuhi anakuita kwa jina lako na la marehemu babu juu yake, mchana anakuuliza umetumwa na nani. Mama anafua mashuka ya hospitali, anaondoka kabla hakujapambazuka vizuri, anarudi mikono imevimba. Mimi nashinda gereji. Siku moja bibi aliwasha jiko, akaliacha linawaka, akaenda sokoni kumsubiri babu aliyekwisha kufa zamani. Watu walimrudisha amekasirika, anasema babu amechelewa makusudi. Tangu hapo mdogo wangu akawa anabaki. Hakuna aliyekaa akaamua. Ilitokea tu, kama ukuta unavyopata ufa, unakuja kuuona siku umeshakuwa mkubwa.

Basi siku ile mwalimu alituma salamu kwamba angekuja. Mama akapata homa ya usafi. Wazo hilo alikolitoa mpaka leo sijui, lakini aliamini shule inakuja kukagua nyumba, na wakiona maisha yetu watasema mtoto huyu halelewi, watamchukua wampeleke kusikojulikana. Nikamwambia, mama, wamchukue wampeleke wapi, wao wenyewe madawati hayawatoshi. Akaniambia kama sina la maana nikamate ufagio.

Jirani yetu ni fundi cherehani. Mama akaenda kuazima makochi kwake, yale yenye vitambaa vya kufuma mgongoni. Mimi na fundi tukayabeba. Ili yaenee ikabidi kiti cha bibi kitoke. Ni kiti cha mbao, kifupi, kina mikono, mguu mmoja nilishaufunga kwa mpira wa tairi baada ya kupasuka. Ukikitazama unaona aibu kwa niaba yake. Tukakipeleka kwa fundi. Na bibi naye akapelekwa hukohuko, akapewa bakuli la vifungo, akaambiwa achambue vyeusi na vyeupe.

Mwalimu akaja. Kandambili mlangoni, maji, kimya. Nyumba inang'aa, mpaka mimi mwenyewe nikawa nakaa kwa adabu. Nilipotoka kwenda kwenye ile baiskeli, nikamsikia kupitia dirishani akimuuliza mama mchana huwa anabaki nani nyumbani. Mama, bado na sare ya kufulia na harufu ya dawa imejaa sebule, akasema anabaki yeye. Mwalimu akasema sawa. Mdogo wangu alikuwa anahesabu vidole vya miguu yake.

Na hapo ndipo bibi aliponipita mlangoni, ngumi imejaa vifungo. Akasimama. Akatazama makochi, akatazama vitambaa, akamtazama mama kama mtu wa kwenye basi.

"Samahanini," akasema. "Nimekosea nyumba."

Akageuka, akatoka. Kwa heshima zote, wala hakugonga kitu.

Mdogo wangu akamkimbilia. Mwalimu akavaa kandambili zake akawafuata wote wawili, na mama akabaki amejishika mdomo. Nilipofika kwa fundi nikamkuta bibi amekaa kwenye kiti chake, mwalimu kakaa chini kwenye kizingiti, wanachambua vifungo. Bibi alikuwa anamfokea kwamba cha kijivu hakiwekwi kwenye vyeusi. Mwalimu anasema, "Samahani, mama." Walikaa hivyo mpaka vikaisha. Halafu akarudi kwetu, akamwambia mama, "Kesho mlete na yeye shuleni."

Mama akaapa kwamba mtoto kesho anakwenda, atake asitake.

"Mtoto najua atakuja," mwalimu akasema. "Namaanisha mama yako."

Sasa niambie. Gereji nilipolisimulia jambo hili kila mtu alikuwa na lake. Bosi wangu akasema hakuna kitu cha bure, watampiga picha bibi wamwonyeshe kwa wafadhili. Mwingine akasema labda wamekosa wanafunzi. Mimi nilikuwa nasubiri tu siku watakayosema wanataka nini, na siku hiyo haiji. Kila asubuhi mdogo wangu anamshika bibi mkono, wanakwenda. Bibi anakaa jikoni kwa mama mpishi, anachagua mawe kwenye maharage. Mchana wanarudi. Bibi akaanza kutuambia amepata kazi. Jumapili akamwamsha mama kwa ukali, eti mtu mzima analala mpaka saa hizi, ndiyo maana hapandishwi cheo. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijamsikia akicheka siku nyingi, na hilo nalo likanichanganya, kwa sababu nilikuwa nimeshajiandaa kuichukia ile shule.

Halafu likatokea lile la darasani.

Mama mpishi aligeuka kukoroga sufuria, bibi akatoka. Akaenda moja kwa moja kwenye darasa la mdogo wangu, katikati ya somo, akawa anapita dawati kwa dawati, anainama, anashikashika mbao. Akasimama kwa mtoto mmoja, akamwambia ainuke, hapo ni pake. Darasa zima likaangua kicheko. Mdogo wangu hakungoja kengele. Alimshika bibi mkono akaja naye nyumbani, akatupa mkoba nyuma ya mlango, akasema harudi tena. Kesho yake kweli hakwenda. Mama alimbembeleza, akamtisha, akakata tamaa, akaenda kazini akilia.

Mimi siku hiyo gereji hakukuwa na kazi, kwa hiyo nilikuwepo mwalimu alipofika. Nilikuwa nimemwandalia maneno. Nilimwamkia, akaitikia, na hata kabla hajakaa nikaanza. Nikamwambia wao ni wasomi, walishindwaje kujua kwamba watamwaibisha mtoto? Kama alikuwa anakosa masomo, sasa ameacha kabisa. Mtihani huo atafanya nani?

Mwalimu akakaa kwanza. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Sijui. Nilidhani jiko lingetosha."

Hebu fikiria, mimi neno hilo la 'sijui' nililisema darasani, na kila nilipolisema lilikuwa na malipo yake, mara mkononi mara mgongoni. Sikujua kwamba mwalimu naye analo. Nikabaki nimesimama na hasira yangu kama mtu aliyebeba gunia akaambiwa mwenyewe kahama.

Akamgeukia mdogo wangu. Akamuuliza bibi alikuwa anatafuta nini kule darasani.

"Kiti," mdogo wangu akasema bila kumtazama. "Kila siku anatafuta kiti chake. Jikoni anakitafuta, hapa anakitafuta. Nyie tu hamsikii."

Na kweli. Nilikuwa namsikia bibi akizunguka sebuleni anauliza kiko wapi, kiko wapi, nikadhani ni yale maneno yake ya siku zote. Makochi ya fundi tuliyarudisha jioni ileile. Kiti cha bibi tulikiacha kwa fundi. Mama alisema mwalimu huyu anaweza kurudi wakati wowote, asije akaliona lile gofu. Wateja wa fundi ndio waliokuwa wanalikalia wakisubiri kupimwa suruali.

Ilibidi nimweleze mwalimu. Nilieleza huku natazama paa.

"Mlikiondoa kwa ajili yangu?" akauliza.

Yeye akatazama mlangoni, zilipokuwa kandambili zake, moja imelalia ubavu.

"Mimi huyu," akasema, basi.

Akasema kiti kiende shuleni, kama mwalimu mkuu atakubali, na kama hatakubali atajua la kusema akifika huko. Lakini mdogo wangu alitikisa kichwa. Watamcheka. Kiti chenye mguu wa mpira, na bibi juu yake, watamcheka mpaka mwaka uishe. Nilitegemea mwalimu aseme hawatacheka, atawachapa. Akasema ahadi hiyo hawezi kuitoa, watoto anawajua. Akanywa maji yake, akaondoka. Nikaona hapo basi, mambo yameisha.

Asubuhi mama akanitazama tu. Nikaenda kwa fundi, nikamwinua mteja, nikakichukua kiti nikakiweka kichwani miguu juu, nikatangulia. Bibi nyuma yangu anasimamia kwa ukali nisikikwaruze. Mdogo wangu alikuja, sijui kwa nini, ila alikuja mbali nyuma yetu kama hatujui.

Mimi geti la shule likinitokea mbele huwa napunguza mwendo, lolote lile, hata la chekechea. Nikaingia hivyohivyo. Uwanja ulikuwa umejaa. Mtoto mmoja akaniona, akamgusa mwenzake, na kicheko kikaenda kama moto kwenye majani makavu.

"Kaka, umehamia?" mmoja akauliza.

Sikujua la kufanya. Mikono iko juu, shingo inauma, huwezi hata kumkazia mtu macho vizuri ukiwa na kiti kichwani. Nikamjibu ndiyo, nimehamia, niambieni darasa gani lina nafasi, kiti nimekuja nacho. Wakacheka zaidi. Mmoja akasema nikae mbele maana naonekana mzito. Mwingine akauliza ule mpira wa mguuni ni wa baiskeli au wa gari. Nikasema wa gari, mimi ni mtu wa hadhi.

Nikageuka, kwa shida, kumwangalia mdogo wangu. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono na mabega yanamtikisika. Nikadhani analia. Kumbe alikuwa ananicheka na yeye. Akaja mbio, akanipita, akasema, "Jikoni ni huku, wewe unaelekea chooni." Akanionyesha, akamkalisha bibi, kengele ikalia, akakimbia darasani na walewale waliokuwa wanacheka. Mkoba alikuwa nao. Sikuwa nimeuona.

Mwalimu Kandambili nilimwona kupitia geti, yuko kwenye jiwe lake anafunga viatu. Alikuwa anaongea peke yake, nadhani anafanya mazoezi ya maneno ya kumwambia mwalimu mkuu. Nilitaka kwenda kumuuliza lile swali langu, kwamba mnataka nini hasa kwetu. Ila aliponipita aliniuliza kama shingo inauma, akaingia ofisini kwa mkuu akafunga mlango, na mimi nikabaki nalo.

Bibi alikuwa anapapasa mikono ya kiti, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye mpira wa mguuni akaugonga kwa kidole, akaridhika. Mama mpishi akamletea sinia la maharage. Nilipotaka kuondoka bibi akanishika shati.

"Na wewe huna darasa?" akaniuliza.

Nikasema naingia sasa hivi.

"Basi vaa viatu kwanza," akasema.

Nikatazama chini. Nilikuwa nimetoka na kandambili.