Taa ya Kijani Iliyokataa Kulala

Msimu wa pamba, mchana, mji wetu wa Bariadi husinzia. Malori hupita yakidondosha nyuzi nyeupe, nazo huingia dirishani taratibu na kutua mezani, juu ya kompyuta ya binti yangu. Mimi silali mchana. Siku ile nilikuwa nikiitazama taa ya kijani ya kiboksi cha intaneti. Ilikonyeza, ikakonyeza, kama kimulimuli aliyesahau kwamba jua limetoka. Wala hakuna aliyekuwa akitumia kompyuta.

Binti yangu ni mwalimu, na anasomea shahada kwa mtandao. Wakufunzi wake walimwita kwa video aitetee kazi yake ya mwisho. Picha ikaganda, sauti ikakatika. Wakamwambia arudi Alhamisi saa kumi. Ikikatika tena, asubiri mwaka mwingine.

"Kuna kitu kinatoka humu, mayu," aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma chetu. "Kifurushi cha jana kimekwisha, na hatujakigusa."

Nikamwambia azime simu zote. Taa ikaendelea. Achomoe waya wa kompyuta kwenye kiboksi. Ikatulia. Aurudishe. Ikakonyeza.

"Basi ng'ombe ni wa zizi hili," nikasema.

Nilipokuwa msichana kule Nkololo, jirani alikuja akilalamika mtama wake umeliwa. Baba hakulichapa kundi zima. Aliziba mlango wa zizi kwa miiba, akawa anafungulia ng'ombe mmoja mmoja na kumsindikiza kwa macho. Mwizi hakuulizwa kitu. Alikwenda mwenyewe moja kwa moja kwenye mtama.

"Baba alifungulia, wewe funga," nikamwambia binti yangu. "Kimoja kimoja. Mimi natazama taa."

Akafunga programu zote zilizoonekana kwenye kioo. Taa bado. Pembeni mwa kioo, karibu na saa, kulikuwa na alama ndogo zimejibanza. Akafunga ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilipozimwa, taa ikatulia. Akaiwasha tena makusudi, ikakonyeza.

"Mayu, hii aliiweka nani?"

Uzi wa pamba ulitua mkononi mwangu nikautazama.

"Mimi."

Nilitaka kutazama bugobogobo, ngoma yetu ya majembe. Nikaweka programu ya kupakulia video, nayo ikaandika kwa Kiswahili safi: Je, unakubali? Mimi nimelelewa hivi: anayekusalimu unamjibu, hata salamu ikiwa ndefu na jua linachoma. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, nikajibu tena. Kumbe nilikubali kwamba kila video niliyoipata, kompyuta yetu iwagawie wageni wa dunia nzima bila kupumzika.

Binti yangu alicheka mpaka akafuta machozi. "Wewe uliyemkagua mume wangu meno kama fahali! Programu umeikaribisha bila hata kuiuliza ukoo!"

"Meno ya mumeo yalihitaji kukaguliwa."

Sikucheka. Nilikuwa nikiyaona majembe yetu yakirushwa juu ndani ya nyumba za watu nisiowajua, huko kwenye baridi, wamejifunika blanketi magotini, na vumbi la kwetu likielea mbele ya macho yao. Nilitamani liendelee kidogo. Kidogo tu.

"Niifute?"

"Nitaifuta mwenyewe."

Ikaniuliza kama nina uhakika. Safari hii nilimwambia binti yangu anisomee mpaka neno la mwisho, ndipo nikabonyeza. Tukazima kompyuta, tukaiwasha. Taa ilibaki imetulia, nasi tukaikodolea macho mpaka chai ikapoa.

Alhamisi saa kumi nilikaa nyuma ya kompyuta, wakufunzi wasinione. Binti yangu akaanza kusema. Taa ikacheza bila kukoma, na sasa nilijua kinachotoka ni nini: ni sauti yake, inapita kwenye kile kiboksi na kwenda mbali. Nyuzi za pamba zilinijaa kwenye kitenge. Sikuzikung'uta, nisije nikafanya kelele.

Halafu akawashukuru, akafunga kompyuta.

"Wamekusikia?" nikauliza.

"Mpaka mwisho, mayu."

Nikainuka, nikabandika maji ya ugali.