Ulimi wa Senge

Nikisikia harufu ya njugu zikikaangwa kwa chumvi, hata leo, mashavu yangu hupata moto. Wengine hutamani kula. Mimi hutamani kujificha.

Senge, dada mkubwa wa baba, alikuja kwetu mtaani Tuwan kutoka kijijini Bumula mwaka ambao mama alijifungua pacha. Nilikuwa darasa la sita, na baba alikuwa amenunua simu yake ya kwanza, ameining'iniza kiunoni kama bastola. Senge alikuwa mwanamke wa maneno. Alikaanga njugu, akazifunga kwa kurasa za daftari zetu kuukuu, akaziuza mlangoni, na hakuna aliyepita bila kusalimiwa. "Kalibu, mama! Njugu bado moto, rete mukono uonje!" L na r kwake zilibadilishana viti kila mara. Jumapili alisimama kushuhudia kanisani mpaka pasta akatazama saa.

Siku moja shuleni nilimwiga mbele ya rafiki yangu Wangari, naye akacheka hadi akakaa chini. Basi nikawa nimepata kazi. Kila mapumziko wasichana walikuja: "Fanya Senge, bana!" Nami nafunga sweta kiunoni kama leso, natoa tumbo mbele, naanza. Wangari alicheka kuliko wote, ilhali nyanyake mwenyewe, mwenyeji wa Nyeri, aliita chai "shai". Hilo hatukulikumbuka.

Kuna asubuhi niliamka na homa kidogo, nikakataa uji, nikaenda shule hivyo hivyo. Saa nne nilikuwa katikati ya duara, nikitoa ushuhuda wa Senge neno kwa neno: "Bwana asifiwe! Watoto wa tumbo sikupata, rakini Bwana amenipatia watoto wa ndugu yangu, nawapenda kama roho!" Kicheko kilikatika ghafla. Wangari alikuwa anatazama nyuma yangu.

Senge alisimama pale na chupa ya uji. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani kuniletea. Hakukasirika. Alinipa ile chupa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni, akaniambia kwa Kibukusu ninywe kabla uji haujapoa. Kisha akaondoka. Langoni bawabu alimsalimia. Hakujibu.

Hakunishtaki kwa baba. Lakini kuanzia siku hiyo aliuza njugu kimya, mteja akionyeshwa bei kwa vidole. Jumapili hakusimama. Baba alidhani ni mgonjwa, akampeleka zahanati, nami nikaenda nao. Muuguzi akauliza, "Mama, unaumwa wapi?" Senge akanigeukia, akasema kwa Kibukusu, bila uchungu wowote: "Mwambie wewe. Wewe ndiye una ulimi mzuri."

Nikasema, kwa Kiswahili cha darasani kilichonyooka kama rula, kwamba haumwi popote. Mimi peke yangu nilijua anaumwa wapi.

Pacha walipoanza kukaa, alirudi Bumula, nami, Mungu anisamehe, nikaona afadhali. Nilikuwa chuoni baba aliponisimulia kwamba Senge hakuwahi kuketi darasani. Kiswahili alikiokota akiwa msichana, Lwakhakha mpakani, akiuza vitambaa kwa watu wa pande zote mbili. Kiswahili hicho ndicho kilichomsomesha baba. Yale maneno niliyoyageuza mchezo ndiyo yaliyonifikisha shuleni.

Nilienda kumwomba msamaha. Alinishika kichwa, akasema kwa Kibukusu, "Yalikwisha, mwanangu." Nikaamini.

Desemba iliyopita nilimpelekea watoto wangu, ambao Kibukusu hawajui. Nikitoka kisimani nilisikia sauti jikoni: "Fisi akasema, mimi siri nyama ya jana! Sungura akacheka, akarara chini!" Watoto wangu walikuwa wanaangua kicheko, si cha kumcheka yeye, cha hadithi. Nilipoingia, akanyamaza. "Kukhu, endelea!" wakamvuta leso; hilo la "nyanya" ndilo neno pekee la Kibukusu walilolijua. Alinitabasamia, akainama kuchochea moto.

Alinisamehe, sina shaka. Lakini sauti yake ile, mbele yangu, hakuirudisha, na hakuna ninachoweza kumdai. Nilisema nimesahau kamba kisimani. Nikatoka, nikakaa chini kando ya ukuta wa jiko, nikasubiri hadi nikamsikia akianza tena.