Kipa na Jagi la Jukwaani

Enzi hizo chuoni, mcheza mpira alikuwa mfalme na mwigizaji alikuwa kichekesho. Wachezaji waliongezewa nyama bwaloni. Waigizaji waliongezewa majina ya utani. Ukionekana na tamthilia kwapani, unaulizwa kama umeshafuzu kulia.

Sasa Komeo, kipa wa timu ya chuo, mtu ambaye mikono yake haikupitisha hata upepo, akajitosa kuigiza. Tena hakulazimishwa na mtu. Jioni moja alipita bwaloni akakuta mazoezi ya tamthilia, akasimama mlangoni kuchungulia, na moyo ukamwenda pale pale. Walikuwa wanatafuta wa kuigiza mume mkorofi. "Mimi hapa," akasema.

Nahodha akamvuta pembeni, uso kaukunja. "Sikiliza, ndugu yangu. Timu nzima tutakuja kukutazama. Ukumbi ukikucheka, umetuaibisha sote. Golini usirudi."

"Njooni," Komeo akajibu. "Na mkae mbele."

Kweli walikuja, Jumamosi alasiri, na jezi zao, wakajazana viti vya mbele huku vicheko wameviweka tayari. Mambo yalikwenda vizuri hadi penye kiini. Hapo mke, aliyeigizwa na binti wa mwaka wa kwanza mwenye ulimi kama wembe, hurusha ukutani jagi la udongo, zawadi ya harusi yao. Linavunjika, na mume anatambua alichokipoteza. Mchezo wote uliegemea hapo.

Jagi likarushwa. Komeo akaruka kushoto, akalidaka.

Hakukusudia, mikono ilikuwa na mazoea yake. Bwalo likalipuka. "Komeo! Komeo!" Timu ilipanda juu ya viti, nahodha akipiga mluzi. Nyuma ya pazia, mwalimu wa fasihi alishika kichwa. Komeo alisimama na jagi kifuani, zima. Angeinama tu, akapokea makofi, akarudi golini shujaa. Na mchezo ungefia hapo.

Akawatazama wenzake mpaka kelele zikapungua. Akamgeukia mke wake wa jukwaani. Kisha akafungua mikono.

Jagi likapasuka miguuni pake. Kila mtu aliona kwamba mume huyu amevunja nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Nahodha akakaa taratibu. Hakuna aliyecheka.

Jumatatu Komeo alikuwa golini kama kawaida, na nahodha akamuuliza kwa kunong'ona kama kwenye tamthilia ya mwakani hakutakuwa na nafasi ya askari, hata wa kusimama tu.

Leo Komeo ni mwalimu mstaafu, na kisa hiki huwasimulia wajukuu kwa madaha yote. Mkewe, ambaye ndiye yule binti wa jagi, humwacha amalize, kisha humshusha.

"Babu yenu hasemi kwamba ukuta ulikuwa kulia kwake. Mimi nilimrushia yeye, kushoto."

"Kwa nini, bibi?"

"Kudaka, chuo kizima kilijua anaweza. Mimi nilitaka kuona kama anaweza kuachia."