Nilipeleka mtindi wa inulin kwenye posa badala ya mbege, nusura nirudi bila mke

Wakuu, salamu kutoka Kiboriloni.

Ninachoandika hapa nilikiona kwa macho yangu, na kwa bahati mbaya nilikinusa pia. Sijaongeza chumvi. Wenye kucheka hovyo ofisini, msome mkifika nyumbani.

Mimi natengeneza mtindi. Siyo ule wa kuacha maziwa yagande yenyewe, hapana. Wangu una bakteria rafiki wa tumbo, wale wanaoitwa probiotics, na nawawekea inulin ili wapate chakula.

Kwa wasiojua, inulin ni nyuzinyuzi. Wengi wanaitoa kwenye mizizi ya chicory, ila ipo hata kwenye vitunguu. Yangu inakuja kama unga mweupe wenye kautamu kwa mbali. Tumbo letu haliwezi kuimeng'enya. Inapita salama mpaka utumbo mpana, bakteria wanaikuta kule, wanakula, wanazaana. Ndiyo prebiotic hiyo, yaani chakula cha mifugo yako ya tumboni.

Sasa bakteria akila, anatoa gesi.

Kikombe kidogo kwa siku hakina shida, mtu anazoea. Nimeandika hadi kwenye lebo. Naomba mkumbuke hicho kikombe kidogo, maana kesi yote iko hapo.

Nikampata binti, Aikande, wa kule Sanya Juu. Sisi kwetu ni Kirua Vunjo, Wakatoliki, na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwetu ni kama chai. Kwao ni Walutheri wa moto. Baba yake, Mzee Elirehema, ni mzee wa kanisa, na sijui kama aliwahi kucheka na mtu asiye ndugu yake.

Alishasema wazi kwamba binti yake hataolewa na watoto wa kilabuni. Aikande akalia, mama yake akaombea, mzee akalegea kidogo. Akatupa nafasi moja tu ya kwenda kujieleza, na mbege isivuke geti lake.

Wakuu, Mchagga kwenda kuposa bila mbege ni mtihani. Ukoo ukikaa, lazima kitu kizunguke kwenye kata, kile kibuyu chenye mpini. Mkubwa anaonja, anampa anayefuata, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Msemaji wetu alikuwa Baba Mkubwa Deo, kaka wa marehemu baba. Alipoambiwa hakuna mbege alishika tama kama amepokea taarifa ya msiba.

Nikamwambia, "Baba Mkubwa, tupeleke mtindi wangu."

"Mtindi? Kwani tunaenda kuposa au kumjulia hali mgonjwa?"

Lakini hakuwa na wazo lingine. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa naona tangazo la bure. Ukoo mzima wa wazee wa kanisa wanakunywa bidhaa yako, utake nini tena?

Tukafika asubuhi. Shikamoo zikapigwa, tukakaa, ndoo ya mtindi ikawekwa katikati. Mzee Elirehema akafungua mfuniko, akainama, akanusa kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu.

"Kijana, humu hamna pombe?"

"Hamna, mzee. Kuna bakteria tu."

Akanikazia macho. Aikande akadakia haraka, "Ni wazuri, baba. Wa tumbo."

Akaonja. Akaonja tena. Nikaona uso unafunguka, nikajua hapa nimepata mke na mteja kwa mpigo.

Kisha akaagiza iletwe kata.

Ilikuwa imetundikwa ukutani tangu waokoke. Kata ya babu yake, ya enzi za mbege, kubwa kama kichwa cha ndama. Kikombe changu kidogo kingezama humo kisionekane. Na kata haikataliwi, wakuu. Ukiikataa umewakataa waliokupa. Ikazunguka, ikaisha, ikajazwa. Ikazunguka tena.

Nilitaka kusema kitu. Lakini umkatize mzee anayegawa kata mbele ya wakwe, uanze kumsomea lebo? Nikanywa zamu yangu nikanyamaza.

Halafu kikaja kiburu. Kwa wasio wa huku, kiburu ni ndizi na maharage. Maharage, wakuu, juu ya inulin.

Kama tungeanza kikao muda ule tungemaliza salama. Ila bila mjomba wa binti hakuna neno linalosemwa, na mjomba alikuwa bado sokoni anahangaika na ndama wake. Tukasubiri. Wakwe walidhani wanamsubiri mjomba. Mimi nilijua kuna kingine kinakuja.

Likaanza tumbo la shangazi yake Aikande. Lilinguruma, akakohoa kulifunika. La Baba Mkubwa likajibu. Watu wakaanza kubadilisha mkao, huyu kaegemea kushoto, yule kulia, kila mmoja anatazama dari kama anahesabu mbao.

Mjomba akafika mchana. Aliingia, akasimama mlangoni, akaenda moja kwa moja kufungua dirisha. Hakusema kwa nini na hakuna aliyemuuliza.

Mzee Elirehema akasimama. Akaomba, akasema amina, akakunja mikono. Nikaona ule uso umefungwa tena.

"Wageni, mtindi wenu ni mzuri. Lakini mtindi hauoi. Nyumba yangu ni ya nidhamu, na nimejiuliza sana kama naweza kumtoa binti yangu kwa watu wasioweza kujizuia..."

Hapo, wakuu, ikatoka.

Siyo kidogo. Ndefu, yenye mwanzo na mwisho, na ilitokea pale aliposimama mzee.

Aikande kajifunika kanga mdomoni, mabega yanatetemeka. Nilikuwa namwomba kwa macho asicheke. Mtu mmoja tu akicheka, mzee amedhalilishwa kwake, mbele yetu, na mimi harusi sina.

Baba Mkubwa Deo akainuka. Alikuwa amekaa mbali kabisa, karibu na mlango. Akavua kofia.

"Wakwe zangu, nisameheni. Ni mimi. Uzee huu."

Mjomba akamtazama mzee, kisha akageukia dirisha.

Baba Mkubwa akatoka nje. Tukamsubiri, akakawia kidogo, akarudi na jani la isale lililofungwa fundo, kalichuma kwenye uzio wa mzee mwenyewe. Mnaojua mnajua. Huku kwetu mtu akikuletea isale kuomba msamaha, humkatalii, hata kama alikukosea vibaya vipi.

Akapiga goti, akalitoa kwa mikono miwili. "Nimeharibu maneno yako, mkwe. Nisamehe. Na kijana huyu usimbebeshe kosa langu."

Mzee Elirehema alilitazama lile jani. Jasho lilimtoka hadi kwenye kola. Akilikataa, amevunja mila mbele ya ukoo. Akilipokea, anamsamehe mtu kwa kosa ambalo yeye mwenyewe ndiye mwenye nalo.

Akalipokea.

"Nimesamehe," akasema, kisha akakaa, polepole na kwa uangalifu mkubwa.

Yale maneno ya watu wasioweza kujizuia hayakurudi tena. Jioni tunaaga, tulikuwa tunazungumzia lini tulete mbuzi. Mzee akanivuta pembeni, kwenye banda la ng'ombe.

"Wale wadudu wako, bado wanakula?"

"Ndiyo, mzee. Mpaka kesho hivi."

"Ee Ruwa," akasema. Ndiyo Mungu huyo, kwa Kichagga.

Nilichojifunza: prebiotic ni kitu kizuri, lakini anza kidogo tumbo lizoee, na usichanganye na maharage siku ya posa. Kipimo cha kwenye lebo kinamfaa anayekunywa kwa kikombe. Kama watu wako wanakunywa kwa kata, piga hesabu ya kata. Sasa hivi lebo yangu inasema hivyo waziwazi.

Ila bado sijamaliza.

Siku ya send-off, ukumbi umejaa, Mzee Elirehema akashika maiki. Akamwita Baba Mkubwa mbele. Akatoa isale kwenye koti, limefungwa fundo.

"Huyu mzee aliwahi kuniomba msamaha," akasema. "Leo namwomba mimi. Sababu anaijua yeye, na Mungu anaijua."

Wageni wakapiga makofi, wengine wakidhani ni mambo ya Walutheri na Wakatoliki kupatana. Mimi machozi yalinitoka, sifichi.

Baba Mkubwa akalipokea kwa mikono miwili, akamkumbatia, akamnong'oneza sikioni. Alisahau maiki iko katikati yao.

"Mkwe, acha kujitesa. Unadhani siku ile nilikawia nje natafuta isale? Na mimi nilikuwa na ya kwangu."

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Ambaye hajawahi kubebewa aibu yake na mkwe, naye aseme.