Futa Kwenye Ratiba Yako

Mwalimu Kawennahere anakaririsha watoto na haombi radhi. Mimi nafundisha hesabu chumba cha jirani, na atakayemsema vibaya tutakosana. Shuleni kwetu Akwesasne, ardhi ya wenyeji wa asili kando ya mto mkubwa, asubuhi kabla kalamu haijaguswa, mtoto mmoja husimama na kutoa shukrani kwa mpangilio: watu, ardhi, maji, samaki, mimea, mpaka nyota. Karatasi hairuhusiwi. Kawennahere mwenyewe alizihifadhi utotoni kwa kumfuatafuata mjomba wake kwenye nyumba ndefu ya ibada, nusu haelewi. Maana ilimjia ukubwani, alipofiwa na mama yake. Kama zisingekuwa tayari kifuani, siku ile angezitafuta wapi?

Juzi akaja Bwana Lavigne, mkaguzi kutoka mjini, akasikiliza; jana akarudi, nami nikamfuata hadi darasani kwa Kawennahere.

"Mwalimu, hawa ni kasuku. Wanatamka wasichokielewa. Nakifuta hiki kipindi."

"Wewe jina lako ulilielewa siku uliyopewa?"

Watoto wakaangua kicheko. Mkaguzi akawa mwekundu.

"Basi nionyeshe hata mmoja anayeelewa."

"Kahontine, simama mwanangu."

Kahontine ndiye anayekwama kila mara! Akashukuru watu, ardhi, maji. Kwenye samaki akanyamaza. Nikafungua mdomo nimnong'onezee. Kawennahere akanikata jicho.

"Samaki bado wanafanya kazi yao," mtoto akasema polepole. "Sisi ndio tumewaharibia. Bibi yangu hali tena samaki wa mto huu, kile kiwanda cha ukingoni kimetia maji sumu. Nawashukuru, na nawaomba msamaha."

Darasa zima likaitikia, kama desturi yetu ilivyo, kwamba nia zetu ni moja. Nilijikuta nalia, wala sioni aibu.

"Amekosea," alisema Bwana Lavigne. "Jana mwenzake hakusema hivyo."

"Hakukosea chochote!" akasema Kawennahere. "Tunachokariri ni njia. Maneno kila mtu anakuja na yake, na asiyeijua njia hafiki hata pa kuyasemea."

"Hata hivyo, kipindi kimefutwa."

"Futa, baba. Futa kwenye ratiba yako. Humo vifuani mwao utafuta na nini?"

Mkaguzi akafunga mkoba wake, akageukia mlango. Kahontine hakuketi.

"Shangazi," akamwambia Kawennahere, kama watoto wote wamwitavyo, "mwambie asubiri. Sijamaliza."

Akavuta pumzi, akaendelea.