Kompyuta ya Hildegarda Haibadilishwi

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mke wangu Hildegarda alikunywa chai, akafungua duka lake la kuchapa hapa Magomeni, Kilosa. Mimi, ambaye sikusoma shule, nikafagia baraza.

Bryson, fundi kompyuta, akaja tena.

"Shikamoo mama. Leo nikuwekee Windows? Ninayo kwenye flashi, bure."

"Marahaba. Bure, au ya wizi?"

"Mama, mji mzima wanatumia hiyo!"

"Ndiyo maana kila siku unawatibu virusi."

Nikacheka. Bryson akanuna, akasema wateja wataendelea kumkimbia. Mke wangu akampa jibu ambalo sijalisahau.

Hildegarda alitumia Linux badala ya Windows, dukani na nyumbani. Hiyo walioitengeneza wenyewe wameiruhusu, kila mtu achukue bure. Alijifunza peke yake, na wateja waliozoea Windows walimkimbia. Hakubadilisha.

Kesho yake alianguka, akafa.

Sasa nalipangisha duka pamoja na kompyuta yake, na Bryson ananiambia mpangaji amepatikana, ila kompyuta iwekwe Windows ile ya flashi. Nimekataa. Asiyeitaka ilivyo, akapange kwingine. Bryson akasema duka litakosa watu. Nikamjibu alivyojibiwa na marehemu asubuhi ile:

"Mwanangu, anayenikimbia kwa kuwa sina cha wizi, mpishe apite."