Vijiti Vyenye Ncha Nyeusi

Kosa langu la kwanza katika kufundisha lilikuwa kuirekebisha kazi ya wanagenzi wangu wakishakwenda nyumbani. Nilifanya hivyo kila jioni, na nilidhani ni wema.

Mimi mwenyewe sikufundishwa na mtu. Karakana ya mitumbwi ilikuwa ukingoni mwa Lualaba, hapa Kindu, mahali ambapo ardhi inashuka taratibu na gogo linaweza kuvutwa bila kubiringika. Nilikuwa nikipita pale na vibuyu vya mawese vya mjomba wangu. Nilisimama, nikatazama, kisha nikaenda nyumbani kuchonga vijitumbwi vidogo na kuviweka vielee kwenye mtungi wa maji. Kimoja kikilala ubavu nilikitupa jikoni na kuanza kingine. Mama aliwaambia majirani kwamba kwake wali unapikwa kwa mitumbwi. Siku moja Fundi, mwenye karakana, alikiona kimoja mkononi mwangu, akakigeuza, akakipuliza kana kwamba kina vumbi, akaniambia nije kesho na shoka.

Kwa kuwa nilijifunza peke yangu, sikuwahi kusahihishwa na mtu mwingine. Nilijisahihisha mwenyewe, na nilikuwa mkali. Kazi ikiwa na dosari sikula vizuri. Sikujua njia nyingine ya kushughulika na kosa ila kulifuta mpaka lisionekane.

Kisha vita vilipita huku kwetu. Wachongaji wengi wa karakana walichukuliwa kupiga makafi na kubeba mizigo, na hawakurudi. Tulibaki Fundi na mimi, na macho ya Fundi yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Watu wawili hawawezi kumaliza mtumbwi mkubwa. Gogo likikatwa, jua linaanza kulila siku hiyo hiyo. Wasipokuwapo watu wa kutosha, linapasuka kabla halijawa chombo.

Miti yenyewe haikuwa yetu. Msitu wa nyuma ya Alunguli, ng'ambo ya mto, una mwenyewe, na ndiye anayeamua karakana ipi ikate. Alituma neno kwamba amesikia hatuna watu. Atatupa gogo moja. Tukilifanya mtumbwi, miti itaendelea kuwa yetu kama zamani. Tukishindwa, ataipa karakana ya juu ya mto.

"Tafuta watu uwafundishe," Fundi aliniambia. "Mimi sasa ni wa kupapasa tu."

Nilipata watatu. Wa kwanza alikuwa mchonga milango kutoka mtaa wa Waungwana, mwenye kofia safi na mkono mwepesi, ambaye alipopanda mtumbwi alifumba macho mpaka ng'ambo. Wa pili alikuwa mvuvi wa Alunguli. Huyo aliujua mto wote, lakini alishika tezo kana kwamba anaua nyoka. Wa tatu alitoka upande wa Pangi, alikokuwa akivukuta mivukuto kwa mhunzi. Alisema kidogo sana, na vyuma vyote vya karakana vilikuwa vikali tangu alipofika.

Tuna utaratibu wetu wa kujua unene wa mtumbwi. Ukishachonga nje yote, unatoboa matundu madogo kwa keekee, kila mahali, kuanzia nje kwenda ndani. Katika kila tundu unapigilia kijiti chenye urefu ule ule, ule unaotaka uwe unene wa ubavu. Ncha yake ya ndani imepakwa makaa. Kisha unaingia ndani ya gogo na kuchimba kwa tezo. Ukiona nyeusi, unakoma hapo. Vijiti hivyo tunaviita mashahidi. Mwanagenzi asiyejua kitu anaweza kuchimba mtumbwi wa haki kama atawasikiliza mashahidi wake.

Watatu wangu waliwasikiliza. Lakini kazi yao ilikuwa mbaya kuitazama. Ndani kulikuwa na mabonde ya tezo, na nje mchonga milango alikuwa ameacha mistari kama ya chanuo. Nilijaribu kueleza. Nilieleza mno, nikaona macho yao yanazunguka, nikaona haya, nikanyamaza. Walipokwenda, mmoja msikitini, wawili kupika, nilishika tezo yangu. Nililainisha ndani. Nililainisha na nje. Niliondoa ganda jembamba tu, kama la kitunguu, ili mtu akishika ubavu asikwame kidole.

Asubuhi walikuta kazi ni nzuri. Kila mmoja alidhani ni yake. Mvuvi aliweka kiganja juu ya sehemu yake akacheka: "Jana niliona iko mbaya. Kumbe usiku unaifundisha!" Fundi alipapasa ubavu wa kulia na kumsifu mchonga milango mbele ya watu waliokuja kutazama. Mimi nilisimama pale, na nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kwamba hakuna aliyejua.

Jioni iliyofuata niliondoa tena ganda la kitunguu. Na iliyofuata.

Ikafika siku ya kupanua. Mtumbwi uliochimbwa bado ni mwembamba kama ganda la njugu; unaujaza maji, unatia mawe ya moto, unawasha makuti pande zote mbili, na mbavu zinapolegea unazitanua taratibu kwa magongo. Tulikuwa tumetia gongo la katikati nilipousikia mlio. Haukuwa mkubwa. Ubavu wa kulia ulifunguka kwa urefu, maji yakamwagika juu ya moto, tukafunikwa na mvuke.

Ulipotawanyika, mchonga milango alikuwa wa kwanza kusema. "Ni kwako hapa," akamwambia mvuvi. "Umechimba kama mtu anayetafuta panya."

"Nilikoma kwenye nyeusi! Tazama mwenyewe, nyeusi njo hii. Macho yangu iko mazima."

"Basi shahidi wako ni mlevi."

"Wewe njo mlevi, na hiyo kofia yako."

Fundi aliwaambia wanyamaze. Alimwomba mtu wa Pangi atoe kijiti kimoja kwenye ufa, na amletee kingine kipya kutoka kapuni. Aliviweka vyote viwili kwenye kiganja na kupitisha kidole gumba juu yake. Kimoja kilikuwa kifupi. Hakuhitaji macho.

"Huyu amekatwa mkia," alisema. "Nani amechonga nje baada ya vijiti kuingia?"

"Mimi, Fundi."

"Lini?"

"Jioni. Kila jioni."

Niliwajua mashahidi vizuri kuliko wote watatu. Nilijua kwamba ukipunguza nje, kijiti nacho kinapungua, na nyeusi ya ndani inaendelea kusema unene ambao haupo tena. Lakini nilikuwa nikitazama ulaini, na ganda la kitunguu halikuonekana kuwa kitu.

Nilitarajia watanitukana kwa sababu ya gogo. Mchonga milango hakulitazama hata gogo.

"Ubavu ule aliousifu Fundi," alisema. "Nilikwenda nyumbani nikamweleza mke wangu. Ulikuwa wangu au wako?"

"Wangu," nilisema.

"Na ndani?"

"Na ndani pia."

"Kwa hiyo mimi sijui kitu. Nimekaa hapa muda wote huu na sijui kitu." Alikung'uta kofia yake, akaivaa, akapanda ukingo. Mvuvi alimfuata. Mtu wa Pangi alipanga kwanza tezo zote juu ya ubao, makali yakitazama upande mmoja, kisha naye akaenda.

Mwenye msitu alipopata habari alituma neno jingine: atatupa gogo moja tena, na hilo ndilo la mwisho. Nilianza kumwambia Fundi jinsi nitakavyolichonga, nikianza alfajiri, nikila papo hapo. Alinikatiza.

"Gogo ni mti, na miti iko. Wale watatu utawapata wapi wengine?"

Nilivuka kwenda Alunguli. Mama wa mvuvi alikuwa akigeuza samaki juu ya moshi, na kwa namna alivyonitazama nilijua ameshasimuliwa.

"Njo huyu?" alimuuliza mwanawe. "Huyu anayefagia nyumba ya watu wakiwa shambani?"

"Njo yeye, mama."

"Karibu, mutoto wangu. Samaki hawa nimekwisha kuwageuza. Unataka kuwageuza tena?"

Mtu wa Pangi alikuwa pale pia, akishona wavu, naye alicheka mpaka akajichoma sindano. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, tangu nilipoingia mtumbwini, na yote yalinipotea. Nilisema tu kwamba miti itakwenda juu ya mto, na kwamba bila wao siwezi.

"Bila sisi unaweza," mvuvi alisema. "Si uliweza? Ulichonga kazi yetu yote."

"Na imepasuka."

Mama yake akatia kuni.

Mtu wa Pangi ndiye aliyesema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema maneno mengi pamoja. "Mhunzi wangu wa kwanza aliniacha niharibu majembe. Alinipigia kelele, lakini aliniacha. Njo vile nilijua moto. Tunarudi, kaka, lakini tezo yako itakaa kwangu. Utaona kosa, utasema. Hutagusa."

Mchonga milango nilimngoja atoke msikitini. Alinisikiliza akiwa amesimama, viatu mkononi. Aliuliza kama mtu wa Pangi kweli ataishika tezo yangu. Nilipomwambia ndiyo, alisema atakuja, na kwamba safari hii nisimsifu wala nisimruhusu Fundi amsifu mpaka mtumbwi uwe majini.

Gogo la pili lilikuwa gumu kwangu kuliko kwao. Kusema kosa bila kuligusa ni kazi ambayo sikuijua. Siku za kwanza nilisema sana na mikono ikiruka hewani, mvuvi akauliza kama nafukuza nzi. Basi nikaanza kusuka kamba za magome, nipate kitu cha kushika. Nilisuka kamba nyingi kuliko karakana ilivyohitaji. Polepole nikagundua kwamba nikimwambia mtu "hapa pana kivimbe" ananiamini kisha anasahau, lakini nikimwambia "pitisha kiganja kutoka hapa mpaka pale, na ukikuta kitu uniambie", anakikuta mwenyewe, anakasirika, na hakirudii. Mchonga milango alikasirika mara nyingi. Mvuvi alijifunza kushika tezo kwa ulegevu siku alipochoka kabisa, nikamwambia asisahau uchovu ule.

Kivimbe kimoja kilibaki, kwenye ubavu wa kushoto, karibu na mkia. Walikiona baada ya kupigilia vijiti. Mchonga milango alinitazama. "Tukikiondoa sasa?"

"Mashahidi watadanganya," nilisema.

"Basi kibaki."

Kilibaki. Kila siku nilikipita kama mtu anavyompita mdai wake njiani.

Tulipanua. Magongo yaliingia moja baada ya jingine, mtumbwi ukafunguka kimya, na tukayaacha magongo ndani mpaka maji yalipopoa.

Kwetu, mtumbwi mpya haupokewi kabla waliouchonga hawajavuka nao wenyewe, kwenda na kurudi, na aliyewafundisha lazima awe ndani, ameketi chini, bila kafi. Ni desturi ya zamani. Kama kazi ni mbovu, mwalimu naye aoge. Mwenye msitu alikuja na kusimama ukingoni pamoja na Fundi. Mama wa mvuvi alikuwa upande wa pili na wanawake wenzake, wakipiga kelele kwamba wanangoja kumvua mwalimu kwa wavu.

Niliketi. Mvuvi alisimama nyuma, mtu wa Pangi mbele, mchonga milango katikati na kafi mkononi, macho yake wazi. Mtumbwi ulivuta kidogo kushoto, kwa sababu ya kile kivimbe. Mvuvi alihisi kabla yangu, akaegemeza mwili kulia, na ukanyooka. Mikono yangu ilikuwa magotini. Katikati ya mto, mahali maji yanapojikunja, maji hayakuingia hata kiganja kimoja.

Tuliporudi mwenye msitu aliinama, akapapasa ubavu, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kivimbe.

"Nani amefanya hiki?"

Nilitaka kumwambia kwamba si changu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Sisi," mchonga milango alisema, naye alisema kama mtu anayetaja mtoto wake.

Mwenye msitu alipapasa tena. "Kibaya kwa macho," alisema. "Lakini mtumbwi umevuka na kurudi, na wenyewe wamejua kuuendesha." Alimgeukia Fundi. "Njooni mchague miti."

Siku hizi karakana ina wanagenzi wengine, na mchonga milango anafundisha upande wa ndani. Mkono wangu bado unawasha nionapo bonde la tezo, na jioni huwa naondoka wa kwanza ili nisibaki peke yangu na kazi ya watu. Tezo yangu inakaa kwa mtu wa Pangi. Nikiihitaji kwa gogo langu, naiomba.